Ulishaandika wosia? Hivi ndo unavyouweka sawa na maisha yako ya leo

Watu wengi wakishasaini wosia wanapumua, wanaufungia kabatini na habari inaishia hapo. Shida ni kwamba wosia unaongelea maisha ya siku ile uliyousaini, na maisha hayajasimama, mtoto kazaliwa, nyumba imeuzwa, aliyetakiwa kusimamia mirathi kafariki, ndoa imevunjika, na karatasi iko palepale inasema vilevile. Muigizaji Heath Ledger alisaini wosia 2003, binti yake akazaliwa 2005, yeye akafariki Januari 2008 na wosia haujaguswa, kila kitu kimeandikwa kwa wazazi na dada zake, mtoto hatajwi popote. Yule binti alipata kwa sababu familia yenyewe iliamua kumwachia. Iliamua, yaani karatasi haikuwalazimisha.

Alafu kuna jambo ambalo naomba ulishike tangu mwanzo kabisa, wosia ni sehemu moja tu ya mpango. Kuna fomu ya bima, fomu ya pensheni, majina kwenye akaunti na kwenye hati ya nyumba, na hizo zinagawa mali bila kuuliza wosia unasema nini. Ukiapdeti wosia peke yake umefanya nusu ya kazi, na kwa watu wengi walioajiriwa hiyo ndo nusu ndogo.

Hatua ya kwanza: toa makaratasi yote mezani

Usianze na wakili, anza na karatasi, maana wakili atakuuliza hizohizo na we utakuwa unajibu kwa kukumbuka. Toa wosia wenyewe na nyongeza yoyote uliyowahi kuiandika, hati za bima, fomu za akiba na pensheni za kazini (na za kazi ulizoacha zamani, hizo ndo husahaulika kuliko zote), hati za nyumba na viwanja, kadi ya gari, hisa, mikataba ya biashara, na madeni, yale unayodai na yale unayodaiwa. Na ile hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yako kama unayo.

Sheria ya hapa ni moja, usiseme "nakumbuka niliandika nani", toa fomu, usome jina kwa macho yako. Kama huna kopi, iombe kwenye kampuni ya bima au ofisi ya rasilimali watu, waambie unataka kuona mnufaika aliyesajiliwa kwa sasa hivi ni nani na kwa asilimia ngapi, na wakupe kwa maandishi.

Nilikaa na shangazi yangu tukafanya hii kazi faili kwa faili. Wosia wake ulikuwa safi, umeandikwa karibuni, watoto wote ndani kwa majina kamili. Alafu tukafungua bahasha ya bima ya kazini, ndani mna fomu aliyoijaza kabla hajaolewa, kwenye mnufaika kaandika jina la mama yake, asilimia 100, na kile kisanduku cha chini yake cha mnufaika wa pili kiko wazi. Mama yake alishafariki siku nyingi. Kwa hiyo yeye anatembea akiamini watoto wako salama, na kiasi kikubwa kuliko vyote alichonacho hakina jina hata moja la mtu aliye hai. Ilibadilishwa kwa fomu ya ukurasa mmoja.

Hatua ya pili: kila mali, andika inapita njia gani

Hapa ndo pana uzito, soma taratibu. Chukua karatasi, orodhesha mali zako za leo, sio za mwaka ulioandika wosia, alafu mbele ya kila moja andika itamfikia mtu kwa njia ipi. Njia kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni wosia: vitu vilivyo kwa jina lako peke yako na havina mnufaika aliyeandikishwa.

Ya pili ni jina kwenye fomu, yaani bima ya maisha, akiba za kustaafu na baadhi ya akaunti. Hapa wosia kwa kawaida hauna sauti. Kuna kesi ya Marekani ambayo mtu yeyote aliyewahi kuachana na mwenza anatakiwa aijue. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya DuPont aliachana na mke wake 1994, na kwenye makubaliano ya talaka mke akakubali kabisa kwamba hana dai kwenye akiba ya mume ya kazini. Ila ile fomu ya mfuko yenye jina la mke kama mnufaika, mume hakuibadilisha. Akafariki 2001, akiba ilikuwa kama dola 400,000, mfuko ukamlipa mtalaka, binti akaenda mahakamani kwa niaba ya mirathi, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu na 2009 majaji wote wakakubaliana kwamba mfuko ulikuwa sahihi kufuata fomu iliyopo kwenye faili lake. Makubaliano ya talaka yalikuwepo, yana saini, na bado fomu ikashinda. Kuna mifuko mingine ya pensheni ambapo wadhamini, yaani wale wanaousimamia mfuko, ndo wanaamua na jina uliloandika ni ombi tu, lakini hata hapo ombi lenye jina la mtalaka wako litawapeleka walikokuwa hawatakiwi kwenda.

Ya tatu ni umiliki wa pamoja, na hapa watu wanachanganya sana. Majina mawili kwenye hati ya nyumba yanaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Kuna ule umiliki ambao mmoja akifa nyumba yote inakuwa ya aliyebaki moja kwa moja, na kuna ule wa kila mtu na fungu lake, ambapo fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi yake. Kwa hiyo unaweza ukaandika kwenye wosia "nusu yangu ya nyumba apewe mwanangu wa ndoa ya kwanza", na kama umiliki ni ule wa aina ya kwanza mwanao hatapata hata tofali. Angalia hati inasemaje, usiposhika lugha yake muulize wakili swali moja tu, mmoja wetu akifa, fungu lake linaenda wapi?

Ukimaliza hii orodha utaona wosia wako unagusa vitu vichache kuliko ulivyodhani, na utajua pa kuweka nguvu.

Hatua ya tatu: pitia watu, mmoja mmoja

Msimamizi wa mirathi bado yuko hai? Ana afya? Bado mnaelewana? Anakubali? Muulize leo, hata kama ulimuuliza zamani, maana kusimamia mirathi ni kazi ya miezi mingi au miaka, ya kukusanya mali, kulipa madeni na kodi na kuvumilia simu za ndugu, na mtu ana haki ya kusema hapana. Kama ulimchagua mtu wa umri wako au aliyekuzidi, weka na wa akiba aliye mdogo.

Mlezi wa watoto nae ni hivohivo, na mi naona huyu ndo wa kufikiria kuliko wote. Ulimchagua mtoto akiwa mchanga, sasa mtoto ana miaka kumi na mbili, ana shule yake na marafiki zake, na yule mlezi pengine kahama au kaongeza watoto wake wanne. Kama mtoto kafika umri wa kuelewa, msikilize nae anataka akae na nani. Na kumbuka mtoto mdogo kwa kawaida halipwi fedha mkononi, ukimwandika moja kwa moja kwenye fomu ya bima bila mdhamini wa kumshikia fedha, malipo yanaweza kukwama mpaka mahakama iteue mtu, na anaweza akateuliwa ambaye we usingemchagua.

Warithi sasa. Kama uliyemwachia kitu amefariki kabla yako, katika sheria nyingi zawadi yake inaanguka na kurudi kwenye mali ya jumla, isipokuwa kama wosia ulitaja mbadala au sheria ya hapo inawapa watoto wake. Na kama uliandika kitu maalumu, tuseme "kiwanja changu cha kule mtoni apewe binti yangu", alafu ukakiuza, usidhani atapewa fedha za mauzo, mara nyingi zawadi inakufa na kiwanja na yeye anabaki mikono mitupu wakati kaka zake wanapata vya kwao. Ndo maana mi napendelea asilimia kuliko vitu na kuliko viwango vya fedha, maana kiwango ulichoandika miaka kumi nyuma leo kinaweza kuwa ndo mali yote au kisiwe kitu. Vitu maalumu viache kwa vile vyenye maana ya moyoni.

Hatua ya nne: yajue matukio ambayo hayasubiri ratiba

Ukipatwa na mojawapo ya haya fungua faili wiki hiyohiyo: ndoa, kutengana, talaka, mtoto kuzaliwa au kuasiliwa, kifo cha mtu aliyetajwa, kununua au kuuza kitu kikubwa, kuanzisha biashara, ugonjwa mzito, kuhama nchi.

Ndoa nakaa nayo kidogo maana inashtua watu. England na Wales, na Kenya pia, kuoa au kuolewa kunafuta wosia uliouandika kabla, isipokuwa kama wosia wenyewe ulisema umeandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo na mtu huyo. Uskoti haifuti. Kwa hiyo mtu mwenye watoto wa nyuma aliyewaandikia kila kitu vizuri, siku anafunga ndoa mpya anaweza kuwa amerudi kwenye hali ya mtu asiye na wosia kabisa na hakuna atakayemwambia pale kwenye sherehe.

Talaka ni tofauti, England wosia unabaki ila mtalaka anahesabiwa kama vile ameshafariki, hapati zawadi yake na hawezi kusimamia. Kwingine sheria haikusaidii hata hapo. Na kutengana tu bila talaka kwa kawaida hakubadilishi chochote, mnaweza mkaishi mbali miaka na bado yeye ndo mrithi wako namba moja kwenye kila karatasi.

Kuhama nchi nako kuna mambo. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 17 Agosti 2015, zinaangalia sheria ya pale ulipokuwa unaishi ulipofariki, ila unaruhusiwa kuandika kwenye wosia kwamba unachagua sheria ya nchi ya uraia wako. Ufaransa watoto wana fungu lao ambalo wosia hauwezi kuwanyima: mtoto mmoja nusu, wawili theluthi mbili, watatu na kuendelea robo tatu. Na kwa anayefuata sheria ya Kiislamu wosia una mwisho wa theluthi moja baada ya madeni, na kwa wengi wa wanazuoni mrithi mwenye fungu lake haandikiwi mpaka warithi wengine waridhie. Wosia uliokuwa sawasawa kabisa ulikotoka unaweza usisimame ulikofika, kwa hiyo ukihama mtafute wakili wa huko mpya, wa zamani hawezi kukujibia.

Hatua ya tano: badilisha kwa njia inayokubalika

Usichukue kalamu ukakata jina. Tafadhali sana. Ukikata na kuandika juu yake bila kusaini na mashahidi, kwenye sheria nyingi badiliko hilo halihesabiki, na ukikata vibaya jina likawa halisomeki unaweza kuwa umefuta zawadi bila kuweka nyingine. Hata pini usiitoe kupiga kopi, tundu za pini kwenye wosia zinafanya watu wa mirathi waulize kama kuna karatasi ilikuwa imeambatanishwa ikanyofolewa.

Kama badiliko ni dogo, mfano msimamizi tu, unaweza kutumia nyongeza ya wosia, inasainiwa na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Kama ni kubwa, au tayari kuna nyongeza moja au mbili, andika wosia mpya mzima. Siku hizi kuchapa upya ni kazi ndogo, na nyongeza zikizidi zinaanza kupingana, alafu kila mtu anasoma kiambatisho alichokatwa na kile alichoongezewa mwenzake, ugomvi unaanzia hapo.

Wosia mpya uwe na tarehe, uwe na sentensi inayosema unafuta wosia zote zilizotangulia, na usaini mbele ya mashahidi. Sehemu nyingi ni wawili, wote wawepo kwa pamoja wakuone unasaini, na asiwe anayerithi wala mume au mke wa anayerithi, maana kwa sheria kama ya England akishuhudia mtu wa namna hiyo wosia unabaki ila zawadi ya huyo mrithi inapotea. Wale majirani wawili wasio na maslahi yoyote ni bora kuliko watoto wako wapendwa.

Wa zamani je? Muulize wakili kama uchanwe au utunzwe ukiwa umeandikwa wazi kwamba umefutwa, cha msingi usiachwe ukielea ndani ya nyumba. Aretha Franklin alifariki 2018 na ikadhaniwa hakuacha wosia, baadae zikapatikana za mkono nyumbani kwake, moja ya 2010 kwenye kabati lililofungwa, nyingine ya 2014 kwenye daftari chini ya mito ya kochi, zinapishana, watoto wakaingia mahakamani, na ilikuwa 2023 baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba ya 2014 ndo halali. Miaka mitano, ndugu kwa ndugu.

Hatua ya sita: fomu, moja moja

Rudi kwenye ile orodha ya njia ya pili. Kila taasisi ina fomu yake, jaza mpya, mnufaika wa kwanza na wa pili, asilimia zijumlishe 100, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, tuma, na usiondoke mpaka umepata uthibitisho kwamba imepokelewa na kuingizwa. Fomu iliyojazwa ikabaki kwenye droo yako haina kazi. Ukibadilisha kazi, au kampuni ikihamishia bima kwa mtoa huduma mwingine, angalia upya, usidhani majina yamehama pamoja na wewe.

Hatua ya saba: simu na akaunti za mtandaoni

Hii ni fupi ila usiiruke. Google wana mpangilio wa akaunti isiyotumika, unachagua muda, miezi 3, 6, 12 au 18, na watu wa kuarifiwa. Apple unaweka mtu wa kurithi akaunti, kipengele kilikuja mwishoni mwa 2021, na mtu huyo lazima awe na ufunguo wa kufikia, ile kodi inayotengenezwa ukimweka, kwa hiyo mpe. Facebook nao wana mtu wa kuangalia akaunti baada yako. Ukiachana na mwenza, huyu ni wa kumkumbuka, watu hubadilisha vingine vyote na hapa wanasahau.

Paswedi usiandike ndani ya wosia, sehemu nyingi wosia ukishathibitishwa mahakamani mtu yeyote anaweza kuomba kuusoma. Andika pembeni, funga, mwambie msimamizi pako wapi. Na kama una sarafu za kidijitali kwenye pochi yako mwenyewe, yale maneno 12 au 24 uliyopewa ulipofungua pochi, ya kuirejesha, yasipopatikana hakuna benki wala mahakama itakayozifungua.

Hatua ya nane: hati za ukiwa bado hai

Mpango huu sio wa kifo tu. Ukipata kiharusi kesho nani atalipa ada na kuongea na benki? Hati ya kumpa mtu mamlaka ina vitu viwili vya kukagua. Kwanza, je imeandikwa kuendelea hata ukipoteza uwezo wa kuamua? Kwenye sheria nyingi ile ya kawaida inakufa hapohapo ulipoihitaji, inatakiwa ya aina ya kudumu. Pili, inakoma siku unafariki, kwa hiyo mwanao mwenye hiyo hati hana ruhusa ya kutoa fedha benki baada ya msiba, hata za mazishi, na wengi wanaingia matatani kwa nia njema kabisa. Maelekezo ya matibabu nayo yasome upya, hasa baada ya ugonjwa, maana ulichotaka ukiwa mzima kinaweza kubadilika ukishalala wodini.

Hatua ya tisa: mtu ajue pa kutafuta

Wosia halisi mahali pamoja, pakavu, na msimamizi ajue. Ukiuweka kwenye sanduku la benki linalofunguliwa na wewe tu, umeufungia nje watu wanaouhitaji. Juu ya faili weka karatasi moja ya mbele: orodha ya mali na njia zake, taasisi na namba za akaunti au za bima (bila paswedi), jina na simu ya wakili, na tarehe uliyopitia mara ya mwisho. Ongeza barua ya kawaida kwa lugha yako, sio hati ya kisheria, ukieleza kwanini umegawa ulivyogawa. Kama kuna mtoto umempa kidogo kwa sababu ulishamjengea, liseme pale, kwa upole, kwa mkono wako. Ndugu wanaweza kuvumilia kupata kidogo, ila kutojua sababu kunawala miaka.

Ratiba yenyewe ni rahisi, mara moja kwa mwaka soma karatasi ya mbele na majina yote, chagua siku ambayo huisahau, na kila miaka mitatu mpaka mitano kaa na wakili upitie mpango mzima hata kama unaona hakuna kilichobadilika, maana sheria nayo inabadilika bila kukutumia ujumbe. Ukipitia ukakuta kila kitu kiko sawa, andika tarehe ya leo kwenye karatasi ya mbele na uandike "nimepitia, hakuna mabadiliko", ili atakayefungua lile faili ajue hukusahau, ulitaka hivyo.

Na kama wiki hii una muda wa jambo moja tu, acha wosia kwanza, piga simu kazini uulize mnufaika wa bima na wa pensheni yako ni nani.